UZI: Kwa nini mtu ajitafutie taabu kwa hiari yake? Mbio ndefu, hifdhi, kuzamia na mengineyo

#1 · Kaskazi_Mapema (Malindi)

Salaam jamvini. Naanza na dai, mniambie limepinda wapi.

Mkata boriti huingia mikokoni maji yakipwa, matope yakimfika magotini, na hatoki mpaka maji yajae chombo kielee. Hakuna anayemuuliza sababu. Sababu iko kwenye korija: miti 20, bei yake inajulikana, watoto wanakula. Sasa mtazame mkimbiaji wa masafa marefu hapa pwani. Saa 10 alfajiri yuko macho. Kilomita 30 mchangani. Anarudi kucha za vidole vya miguu zimekuwa nyeusi, chumvi imeganda kwenye nyusi, mapaja yamechubuka, na hakuna aliyemlipa hata shilingi. Wiki ijayo anarudia. Tunasema mchumia juani hulia kivulini. Huyu kivuli chake kiko wapi?

Dai langu ni hili: taabu uliyoichagua na taabu uliyotwishwa ni vitu viwili tofauti hata kama jua ni moja na jasho ni moja. Hiari yenyewe ndiyo dawa. Wakimbiaji, wazamiaji, walimu wa chuo, mafundi, karibuni.

#2 · MwanaShela (Lamu)

Kivuli kipo ndani ya damu. Ukipita dakika 30 au 40 mwili hutoa endofini, dawa yake yenyewe ya maumivu. Mkimbiaji akikosa mbio siku 3 huwa mkali nyumbani. Hakuna fumbo hapa.

#3 · Mkanda_Misuli (Malindi)

MwanaShela, hayo ya endofini yana kasoro. Endofini iliyo kwenye damu haivuki kirahisi kile kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo, kwa hiyo kuipima mkononi hakukuelezi furaha ya kichwani. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichukua panya wanaokimbia kwenye gurudumu wakazuia njia ya endofini. Panya wakaendelea kuwa watulivu baada ya mbio, kama kawaida yao. Walipozuia njia ya zile kemikali za jamii ya bangi ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, utulivu ukatoweka. Hizo hupenya mpaka ubongoni kwa sababu ni ndogo na huyeyuka kwenye mafuta.

Hata hivyo swali la #1 linabaki palepale. Raha hiyo huja kwa mwendo wa wastani, ule ambao mtu anaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kilomita ya 35, jua la Februari utosini, hakuna kemikali inayokuja kukubembeleza, na watu bado wanaendelea.

#4 · Bi_Tende (Lamu)

Ya kilomita ya 35 kwanza ni hesabu ya ghala. Misuli iliyolishwa vizuri hubeba sukari ya akiba, glikojeni, kama gramu 400 hadi 500, na ini kama 100. Zikiungua zote ni kalori 2,000 na ushei. Mtu wa kilo 60 hutumia takriban kalori 60 kwa kilomita, basi kilomita 42.195 ni kalori 2,500. Ghala linakauka kabla ya safari kwisha. Mafuta ya mwili yapo tele lakini huungua polepole, na hapo ndipo mwendo wa dakika 6 kwa kilomita unageuka wa dakika 8 na mtu anaona anavuta magogo.

Kwa hiyo msiite kila kitu uvumilivu. Sehemu kubwa ya mateso hayo ni njaa ya misuli. Kinachotakiwa ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, kabla hujahisi chochote. Ndizi moja ya kadiri ina kama gramu 27. Kijiko cha chai cha sukari, kikisawazishwa, gramu 4. Chupa ya nusu lita: vijiko 8 vya sukari, robo kijiko cha chumvi, ndimu kidogo kwa ladha. Hiyo ni gramu 32. Ukionja iwe na chumvi ya machozi. Ikifika chumvi ya bahari imeharibika, mwaga uanze upya.

#5 · Kaskazi_Mapema

Shukran Bi Tende. Basi mtu akila sawasawa taabu inakwisha?

#6 · Bi_Tende

Haiishi, inasogea mbele. Na huja nyingine ya tumbo. Mtu akinywa sukari nzito, tuseme vijiko 20 kwenye nusu lita, utumbo huvuta maji ndani kuizimua na anaanza kutafuta kichaka. Tumbo nalo hufundishwa: wiki 6 hadi 8 kabla ya mbio, kila mbio ndefu ya mwisho wa wiki, chupa ileile na kiasi kilekile. Siku ya mbio si siku ya kuonja kitu kipya.

#7 · Kijana_wa_Mambrui

Mimi najua wanaotumia madafu tu, moja kila nusu saa. Si yana chumvi zote tayari?

#8 · Bi_Tende

Mwanangu, madafu ni mazuri lakini yamejaa potasiamu, na sodiamu yake ni chache. Jasho hutoa sodiamu zaidi ya kitu kingine, wastani wake ni karibu gramu 1 kwa lita, na wapo wanaofika mara mbili ya hapo. Utawajua kwa fulana nyeusi, ikikauka ina michoro myeupe kama ramani. Tia robo kijiko cha chumvi kwenye nusu lita ya madafu, halafu ule na ndizi, kwa sababu sukari ya dafu peke yake ni ndogo.

#9 · Mkanda_Misuli

Naongeza hapo, maana watu hufa kwa jambo hili. Kuna waliofundishwa kuwa mvumilivu wa kweli hanywi maji, na kuna waliofundishwa kunywa kila wanapoona chupa. Wote wawili wako hatarini. Mbio za Boston za 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni: asilimia 13 sodiamu ilikuwa imeshuka chini ya kawaida, na alama iliyowatambulisha zaidi ni kuongezeka uzito njiani. Yaani walikunywa kupita jasho lao. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba mpaka pete haitoki, kisha kuchanganyikiwa. Asiyejua atampa maji zaidi, na hapo atammaliza.

Jipimie jasho lako. Kojoa, jipime bila nguo. Kimbia saa moja na nusu kwa mwendo wako wa kawaida, andika ulichokunywa. Rudi, jifute, jipime tena bila nguo. Mfano: kilo 62.0 zimekuwa 60.6, umekunywa lita 0.7. Kilo 1.4 ukijumlisha 0.7 ni 2.1, gawa kwa saa 1.5, unapata lita 1.4 kwa saa. Huwezi kunywa zote hizo ukikimbia, tumbo litagoma. Lenga nusu au zaidi kidogo, na usimalize ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

#10 · Boriti_na_Pau (Lamu)

Narudi kwa #1 kabla hatujazama kwenye chupa. Kaskazi, umemsema mkata boriti kama mtu asiye na hiari. Si kweli kabisa. Mikokoni mtu huchagua aingie mkono upi, akate fito, pau, mazio, boriti au nguzo, na kila unene una bei yake na uzito wake begani. Kuna anayeridhika na pau za karibu, na kuna anayepita matope mara tatu zaidi kutafuta nguzo zilizonyooka, ilhali hesabu ya pesa ikipigwa kwa siku tofauti ni ndogo. Huyo wa pili muulize kwa nini. Atakwambia mti uliopinda ni aibu. Hilo nalo ni kivuli?

#11 · Kaskazi_Mapema

Nimeikubali, Boriti. Narekebisha: hiari haikai upande mmoja na ulazima upande mwingine. Ndani ya kazi ya lazima kuna sehemu mtu anajiongezea mwenyewe. Hiyo ndiyo ninayoiulizia.

#12 · Maalim_wa_Juzuu (Lamu)

Assalaamu alaykum. Kwetu chuoni tunaiita nia, na nia ina ratiba. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kila moja mistari 15, juzuu moja ni kama kurasa 20. Mwanafunzi akihifadhi ukurasa mmoja kila siku bila kuruka, ni siku 604, mwaka na miezi 8. Kwenye karatasi ni rahisi. Wanaoshindwa wengi hawashindwi na ukurasa mpya. Wanashindwa na muraja'a, yaani kurudia ya zamani. Ukifika juzuu ya 10, kila siku unapaswa kurudia angalau juzuu nzima ya zamani, yaani dakika 40 hadi 60 za kusoma kwa moyo, kabla ya kugusa kipya. Hapo hakuna sifa wala raha ya kupata, unachunga tu kile ulicho nacho.

Kosa la kawaida: kijana mwenye kipaji anafuata ukurasa mpya, kurasa 2, kurasa 3 kwa siku, muraja'a anaiacha. Baada ya miezi 4 aya zinazofanana zinamchanganya, anatoka sura moja akiangukia nyingine bila kujua. Dawa ni kusimamisha kipya kabisa, wiki 2 au 3, kurudia tu. Wazazi huona mtoto amerudi nyuma. Huko ndiko kuvumilia kwenyewe. Kwa hiyo mimi nasema taabu ya hiari si maumivu, ni kukubali kufanya jambo lisilo na upya.

#13 · Mkanda_Misuli

Maalim, umeeleza mpango wa mbio bila kutaja mguu. Wanaoumia mifupa ya muundi ni haohao wa kurasa 3 kwa siku. Pafu na moyo hujengeka kwa wiki chache, lakini mfupa na kano vinataka miezi. Mkimbiaji anajiona ana pumzi, anaruka kutoka kilomita 40 kwa wiki hadi 70, na mfupa hauna habari.

#14 · Nahodha_wa_Matlai (Lamu)

Mwataja mchanga na jua, hakuna aliyetaja maji. Mkimbiaji wa ufukweni asiyejua mwezi anajitesa bure.

Sikizani. Bamvua, yaani siku ya 1 hadi ya 3 ya mwezi wa kuandama, na ya 15 hadi ya 17, maji hupwa sana, mchanga mgumu unatokea mpana kama barabara. Ila kupwa kwenyewe huwa saa 4 hadi saa 5 asubuhi, jua limeshakuwa kali. Alfajiri ya siku hizo maji yamejaa mpaka kwenye vichaka, utakimbia kwenye mchanga laini tu. Maji mafu, siku ya 7 na 8, na 22 na 23, kupwa ni alfajiri saa 10 au saa 11, lakini maji hayaendi mbali na mchanga mgumu ni ukanda mwembamba. Siku nzuri ni zinazofuata, ya 9 na 10, na 24 na 25. Kupwa huwa kati ya saa 11 na nusu na saa 1, na maji yameanza kupata nguvu ya kuondoka. Saa 2 kabla ya kupwa na saa 2 baada, hapo pana ndia.

#15 · Kijana_wa_Mambrui

"Ndia"! Nahodha akiandika huku Malindi tunasikia harufu ya Lamu 😄

#16 · Nahodha_wa_Matlai

Njia, ndia, mguu ni uleule. Wee shika tarehe.

#17 · Mkanda_Misuli

Nahodha ametoa jambo la thamani. Kukimbia mchanga laini kunagharimu nguvu karibu mara 1.6 ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Kilomita 10 laini ni kama 16 za lami. Mtu akiandika kwenye daftari lake "10" anajidanganya, na wiki ikiisha amechoka asijue kwa nini.

La pili, ufukwe una mteremko. Ukienda upande mmoja tu, mguu wa upande wa bahari unashuka chini zaidi kila hatua, nyonga inainama, na nje ya goti linaanza kuwaka. Geuka kila dakika 15, au nenda na urudi kwenye mstari uleule. Na ukirudi usirudie njia ya juu kwa sababu maji yamekufukuza. Ndiyo maana saa za Nahodha ni muhimu.

La tatu, miguu iliyolowa. Maji ya bahari yakiingia kiatuni pamoja na mchanga, kilomita 8 zinatosha kutoa malengelenge kisiginoni. Paka mafuta mazito ya mgando kati ya vidole na kwenye kisigino kabla ya soksi, vaa soksi nyembamba isiyo ya pamba. Lengelenge likiwa dogo na haliumi, liache. Likiwa kubwa na limejaa, safisha, toboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, kamua, usiondoe ngozi ya juu.

#18 · Kambamawe (Lamu, kaskazini)

Nimesoma yote na naona mnasifu kuvumilia kama kwamba siku zote ni jema. Kwa sisi wa kuzamia kamba bila mtungi, kuvumilia ndiko kunakoua. Niwaeleze inavyokuwa.

Ile hamu kali ya kuvuta pumzi haiji kwa sababu oksijeni imekwisha. Inaletwa na kaboni dioksidi inayojazana damuni. Mzamiaji akipumua harakaharaka mara 20 juu ya maji kabla ya kuzama, anaifukuza kaboni dioksidi, lakini oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Anazama, anajisikia yuko shwari, anamfuata kamba chini ya jiwe, hamu ya pumzi haijamjia. Oksijeni inaisha kabla ya kengele kulia. Akipanda, mgandamizo wa maji unapungua, oksijeni iliyobaki pafuni inashuka ghafla, na anazimia mita 2 au 3 chini ya uso wa maji, akiona mwanga. Hakuna mapambano, hakuna kelele. Anayemtazama kutoka chomboni anadhani bado anatafuta.

Kwa hiyo utaratibu: pumzi za kawaida, 2 au 3 za kina, basi. Upumzike juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu akitazama, na anaendelea kumtazama sekunde 30 baada ya mwenzake kutoka. Ukisikia miguu inalegea au unaona raha isiyo na sababu, toka. Ukimwona kamba mkubwa wakati huo, mwache.

#19 · Kaskazi_Mapema

Hii imenisimamisha, Kambamawe. Kwa mkimbiaji kengele hulia mapema mno, kwako huchelewa. Basi uvumilivu mmoja hauwezi kufaa kote.

#20 · MwanaShela

Aliyeeleza kengele ya mkimbiaji ni Tim Noakes wa Afrika Kusini. Anasema ubongo una msimamizi anayekupunguza kasi kabla hujafika kwenye madhara, ndiyo maana mtu "aliyekwisha" kilomita ya 40 huweza kupiga mbio mita 200 za mwisho akiona utepe. Ninakubaliana naye kuliko endofini niliyoanza nayo.

#21 · Saa_ya_Ukutani (Malindi)

Msimamizi huyo anapingwa. Samuele Marcora haoni haja ya msimamizi aliyejificha: mtu huacha pale ugumu anaouhisi unapozidi kile alichokuwa tayari kutoa. Mwaka 2009 yeye na wenzake waliwapa watu 16 kazi ya kompyuta ya kuchosha akili kwa dakika 90, kisha baiskeli mpaka washindwe. Waliochoshwa akili waliacha baada ya sekunde 640 kwa wastani. Siku waliyotazama filamu tulivu waliendelea hadi sekunde 754. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza hilo, ila kazi ileile waliiona ngumu zaidi.

Faida yake ni hii: usiweke mbio ndefu jioni ya siku ya hesabu za mwisho wa mwezi ukashangaa. Ukikosa nafasi nyingine, kimbia kwa muda badala ya kasi.

#22 · Bi_Tende

Nami niongeze la mdomo. Mwaka 2004 waendesha baiskeli walisukutua maji yenye wanga wakayatema, hawakumeza kitu, na kwenye jaribio la karibu saa moja wakawa wepesi kwa karibu asilimia 3. Ulimi ulipeleka habari kichwani kuwa chakula kinakuja.

#23 · Kijana_wa_Mambrui

Subiri, Bi Tende. Kwa hiyo Ramadhani mtu akimbie kabla ya futari, asukutue maji ya sukari, ateme?

#24 · Maalim_wa_Juzuu

Kijana, kwa aliyefunga hata kusukutua maji matupu kwa udhu tumekatazwa kupitiliza, kwa kuhofia yatateremka. Sukari ya makusudi sikuruhusu. Kama una shaka kaa na ustadhi wako ana kwa ana. Kimbia dakika 30 hadi 40 za mwisho kabla ya magharibi, polepole, uwe karibu na nyumbani adhana ikilia. Mbio ngumu zipeleke baada ya tarawehe.

#25 · Bi_Tende

Nimekubali kauli ya Maalim. Na daku isiwe chai na mahamri peke yake. Wali au viazi, maharagwe au samaki, na maji yagawanywe kuanzia futari hadi daku. Lita 2 kwa mkupuo saa 10 zote utazikojoa kabla ya saa 2 asubuhi.

#26 · Mtaa_wa_Juu (Lamu)

Wote mmesahau pesa. Kipchoge ameweka rekodi ya dunia 1:59 kwa sababu mbio zinalipa. Mkenya wa Iten anavumilia mita 2,400 juu ya bahari kwa hesabu, kama mkata boriti.

#27 · Saa_ya_Ukutani

Kurekebisha: 1:59:40 ya Vienna, 12 Oktoba 2019, haikuhesabiwa rekodi. Wasaidizi wa mwendo walikuwa wanabadilishana njiani na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Rekodi za Kipchoge zilizoidhinishwa ni za Berlin, 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022. Kisha marehemu Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago mwaka 2023.

Na pesa inaeleza wachache. Comrades ya Afrika Kusini, karibu kilomita 90, ilianza 1921 na watu 34. Leo wanaanza maelfu, wanaopata pesa ni wachache sana, na wengine wote wanapigania kufika kabla ya muda wa saa 12 kutimia tangu kuanza. Bunduki ikilia aliyebaki mita 5 hapewi kitu.

#28 · Kaskazi_Mapema

Na John Stephen Akhwari wa Tanzania mmemwacha wapi? Olimpiki ya Mexico 1968, goti limeumia, limefungwa bandeji, akaingia uwanjani giza limeshaingia. Walioanza 75, waliofika 57, yeye wa 57. Alisema nchi yake ilimtuma amalize. Huyo hakukimbia kwa pesa wala kwa kemikali.

#29 · Mkanda_Misuli

Namheshimu kwa moyo wote, lakini kama mtu wa magoti sitaki kijana aige hilo kila Jumapili. Maumivu ya misuli yaliyoenea pande zote mbili, yanayokuja taratibu, endelea. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayokubadilisha hatua, yanayoongezeka kila kilomita, simama. Akhwari alikuwa Olimpiki, mara moja, na goti lilimuumia palepale. Wewe una Jumapili 52.

#30 · Mtaa_wa_Juu

Nimekubali masahihisho ya #27. Ila tuwe waadilifu kwa Akhwari: hakuharibikiwa. Mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alikuwa wa 5 katika marathoni.

#31 · Fundi_wa_Mkuku (Matondoni)

Salaam. Nina neno moja la mbao. Kila msumari wa jahazi hutobolewa njia kwanza kwa keekee, mkono mmoja unavuta upinde, mwingine unakandamiza. Mwanafunzi huona ni kazi ya kumtesa, maana misumari ni mamia. Akigongelea bila kutoboa, ubao unapasuka kufuata mshipa wake, na ufa huo hauonekani mpaka chombo kilowe. Vivyo hivyo kalafati: pamba iliyolowa mafuta unaisokota, unaisukuma kwa patasi na nyundo mpaka isiingie tena. Ukiijaza kidogo inavuja, ukiishindilia kupita kiasi unasukuma mbao zikaachana. Hakuna anayeichagua taabu hapa wala anayelazimishwa. Kazi ndiyo inavyotaka. Labda na mbio ni hivyo.

#32 · Saa_ya_Ukutani

Fundi, hiyo ni nadharia yake yenyewe, na inapingana na #1 moja kwa moja.

Nami naleta nyingine, ya kumbukumbu. Mwaka 1993 Kahneman na wenzake waliwaweka watu mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 hizohizo, kisha 30 za ziada maji yakipashwa hadi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu. Kichwa hakijumlishi maumivu, hukumbuka kilele na mwisho. Mkimbiaji anarudi wiki ijayo kwa sababu anakumbuka mstari wa mwisho na dafu, si ile saa ya katikati.

Ukifundisha wanaoanza, tumia hilo: kilomita 2 za mwisho ziwe za polepole kuliko zote, ziishie penye upepo na kivuli.

#33 · MwanaShela

Kivuli cha Kaskazi kimepatikana basi.

#34 · Kaskazi_Mapema

Nusu yake. Sababu ya kurudi nimeielewa. Bado sijaona kwa nini mtu haachi akiwa katikati.

#35 · Maalim_wa_Juzuu

Katikati panapitwa kwa kuhesabu.

#36 · Saa_ya_Ukutani

Maalim ana ushahidi. Paula Radcliffe, aliyekimbia 2:15:25 London mwaka 2003, alikuwa akihesabu hadi 100 mara tatu kwa kila maili. Wenye tasbihi mnaweza kupiga hesabu: hatua 170 kwa dakika, hesabu moja kila mguu wa kushoto unapogusa, ni 85 kwa dakika. Mzunguko wa 33 mara tatu, 99, ni sekunde 70. Kwa mwendo wa dakika 6, mizunguko 5 ni karibu kilomita nzima. Mtu hahitaji saa.

#37 · Mkanda_Misuli

Kabla uzi haujapoa, la joto, kwa sababu Kaskazi aliandika Februari. Mtu wa kilo 60 kwa kilomita 10 kwa saa huzalisha kama kalori 480 za joto kila saa. Lita 1 ya jasho *ikikauka* mwilini huondoa kama 580. Ingetosha. Lakini hewa yetu ina unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lililodondoka halikupoza kitu. Ndiyo sababu kupaka mafuta mwili mzima ni hatari: Francisco Lázaro wa Ureno alijipaka Stockholm 1912, akaanguka mbioni na kufariki. Mafuta yabaki kwenye michubuko tu. Anayeshuka kutoka bara ajipe siku 10 hadi 14, saa moja kila siku, kabla ya kudai kasi yake.

Mtu akianguka, anaongea ovyo, ngozi inawaka: kumpoza kwanza, kumsafirisha baadaye. Barafu ya wauza samaki inafaa kabisa. Mlaze kwenye turubai, watu 4 washike pembe ziinuke, mwaga maji na barafu, yatikiseni yamzunguke kifua na mapaja. Msimpeleke baharini akiwa hajitambui, na msimpe cha kunywa.

#38 · Kijana_wa_Mambrui

Turubai na barafu nimeandika. Nahodha, tuko watatu, kilomita 30 za mwendo wa dakika 6 Jumamosi. Itakuwa siku ya 9 ya mwezi wa kuandama. Tutoke saa ngapi?

#39 · Nahodha_wa_Matlai

Kupwa ni karibu saa 11 na nusu. Tokeni saa 10, mtamaliza saa 1, na dakika za kusali juu yake, maji yakiwa bado hayajawarudia. Saa ya kwanza elekeeni kaskazini na kurudi, mkisikia adhana mko karibu na mji. Upepo wa kaskazi ukiwapo mtaupata usoni mkienda na mgongoni mkirudi. Chukueni taa.

#40 · Bi_Tende

Chupa tatu kila mmoja, vijiko 8 vya sukari na robo ya chumvi. Na ndizi ya akiba kwa yule atakayesema hahitaji.